Pikipiki ya zamani inazima ikipata moto, ni koili (inayokuza umeme wa plagi) au CDI (kifaa cha umeme kinachoamuru cheche)?

Wakuu naombeni msaada, pikipiki yangu ya kitambo ikiwa baridi kiki moja tu inawaka, ila injini ikishapata moto inaanza kumisi halafu inazima kabisa, ikipoa inawaka tena kama hakuna kitu. Plagi ni mpya.

— Usikimbilie kununua CDI mkuu. Ikizima tu hapo hapo chomoa plagi, irudishe kwenye kofia yake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake maana mvuke wa petroli unashika moto, kisha piga kiki. Cheche ya bluu inayolia tak tak, angalia mafuta. Nyekundu dhaifu au hamna, ni umeme.

— Mi nahisi palsa, ile koili ndogo inayoiambia CDI lini itoe cheche. Waya mwembamba wa ndani unaachana ukipata joto, pima omu (ukinzani wa waya) ikiwa baridi, pima tena ikiwa ya moto.

— Kwanza chomoa waya wa swichi ya kuzimia kwenye CDI, pikipiki za zamani nyingi waya huo ukichubuka ukagusa fremu tu cheche inakufa.

— Asanteni sana, waya nimechomoa bado inazima, na ikiwa ya moto cheche hamna kabisa. Sasa naenda kwenye palsa.