Turudishieni namba 10 wetu, kiungo mchezeshaji! Makocha na VAR, refa wa video, mmetuulia mpira

Wakuu, leo nina hasira na sitaki mtu aje kuniambia nitulie. Mechi kubwa, timu mbili zenye wachezaji wa bei mbaya, dakika 90 zinaisha na hakuna tukio hata moja la kumwinua mtu kwenye kiti. Kipa kampa beki, beki kamrudishia kipa, kipa kampa beki wa upande wa pili. Mpira ukija kumfikia winga, yuko yeye na beki mmoja tu, uwazi wote uko mbele yake. Anafanya nini? Anaukanyaga, anageuka, anarudisha nyuma. Halafu mchambuzi anamsifu kwamba ametulia sana na mpira, pasi zake karibu zote zimefika. Zimefika wapi? Kwa mtu aliyesimama mita tano nyuma yake!

Kabla hamjaanza kunishambulia, sijasema wachezaji wa sasa hawajui mpira. Wanajua. Wana mbio, wana pumzi, viwanja vyao ni zulia. Kilichoondoka ni ruhusa ya kupoteza mpira. Fundi wa zamani alikuwa na kibali cha kuupoteza mara kumi, kwa sababu kila mtu alijua mara ya kumi na moja anakumaliza. Wa leo akiupoteza mara mbili, kocha anamwita wa akiba apashe misuli.

Chukueni Jay-Jay Okocha, fundi wa Nigeria, mwaka 1993, Eintracht Frankfurt dhidi ya Karlsruhe, golini yuko Oliver Kahn akiwa bado kijana. Okocha anapata mpira ndani ya boksi, Kahn anajitupa, goli liko wazi. Mtu wa kawaida anafunga palepale. Yeye anaurudisha ndani. Kahn anainuka, mabeki wamerudi kuziba, Okocha anawatishia huku, anawatishia kule, wanakwenda na viuno vyake, wengine hawajui tena mpira uko mguu gani. Kahn yuko chini kwa mara nyingine. Ndipo anapiga. Leo kijana akifanya vile, siku ya mazoezi anakalishwa mbele ya skrini anaonyeshwa nafasi zote alizoacha kupiga shuti, na anaambiwa alikuwa mbinafsi.

Ronaldinho, Mbrazili wa Barcelona, je? Machi 2005, Stamford Bridge, anapokea mpira ukingoni mwa boksi la Chelsea. Amesimama, hana hata hatua moja ya kukimbilia. Anatikisa kiuno tu, ukuta wa mabeki unaganda, anaupiga kwa ncha ya kiatu. Petr Čech hakusogea, aliusindikiza kwa macho. Barcelona wakafungwa 4-2 na kutolewa, na bado ukimuuliza mtu leo anakumbuka nini kwenye mechi ile, atakutajia ncha ya kiatu. Novemba mwaka huohuo akaenda Bernabéu, uwanja wa Real Madrid, akafunga mawili, Barcelona wakashinda 3-0, na mashabiki wa Real Madrid wakasimama wakampigia makofi. Mashabiki wa Real Madrid! Niambieni ni nani wa sasa mtakayemsimamia akiwa amewafunga nyumbani na mtani wenu. Pasi za pembeni hazijawahi kumwinua mpinzani.

Lakini anayeniuma kuliko wote ni Juan Román Riquelme, namba 10 wa Argentina. Yule bwana alikuwa anatembea uwanjani. Anatembea kweli! Mabeki wanahema, yeye anatembea, anauweka mguu juu ya mpira, anakupa mgongo, na huwezi kumpokonya. Alipotua Barcelona mwaka 2002, kocha Van Gaal akamtupa pembeni acheze winga. Riquelme, winga! Akaondoka akaenda Villarreal, timu ya mji mdogo tu, akaibeba hadi nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa 2006. Ndiyo, najua, penalti yake ya dakika za mwisho kipa Lehmann wa Arsenal aliicheza. Msianze.

Kisha ikaja Kombe la Dunia mwaka uleule. Robo fainali, Argentina wanaongoza 1-0 dhidi ya Ujerumani, nyumbani kwa Wajerumani. Dakika ya 72 kocha Pekerman anamtoa Riquelme, anamwingiza kiungo Cambiasso ili walinde goli. Dakika ya 80 Klose anawasawazishia Wajerumani, zinapigwa penalti, Argentina wanarudi kwao. Mimi naiona siku ile kama tangazo la msiba wa namba 10. Tangu hapo kila kocha anataka kiungo anayekaba kwanza, anayekimbia kilomita nyingi na kifaa mgongoni kinachohesabu kila hatua. Miaka miwili baadaye kocha Guardiola anapewa Barcelona, na katika watu wa kwanza kufungashiwa virago ni Ronaldinho na Deco. Alipata vikombe, sibishi. Ila tabu ni wale maelfu wanaomwiga bila kuwa na Xavi wala Iniesta wala Messi.

Na msiniambie pasi nyingi ndio tatizo, maana goli la Cambiasso dhidi ya Serbia na Montenegro kwenye Kombe lile la 2006 lilikuja baada ya pasi zaidi ya ishirini. Tofauti ni kwamba zilikuwa zinakwenda golini! Leo zinapigwa ili kocha apumue.

Kinachochekesha ni kwamba sheria zilibadilishwa ili kuzuia hayahaya. Kombe la Dunia Italia 1990 lilikuwa usingizi mtupu, wastani wa mabao 2.21 kwa mechi, timu zinamrudishia kipa anadaka, anaugonga-gonga chini, muda unakwenda. Mwaka 1992 kipa akakatazwa kudaka pasi ya mguu kutoka kwa mwenzake. Safi kabisa. Makocha wakageuza, wakamfanya kipa naye awe mchezaji wa ndani. Mwaka 2019 ikaruhusiwa goli kiki ipokelewe ndani ya boksi lenyewe. Sasa tumerudi kulekule, tofauti anautumia mguu badala ya mikono. Na makipa wenyewe wananunuliwa kwa miguu, kudaka ni ziada.

VAR ndiyo usiseme. Kombe la Dunia 2018 ikaingia, msimu wa 2019/20 Uingereza nao wakaipokea, na raha ya goli ikaishia hapo. Kushangilia goli siku hizi ni sawa na kutumbua hela ya cheki ambayo benki haijaipitisha. Unaruka, unakumbuka, unakaa. Mfungaji mwenyewe anashangilia jicho moja liko kwa refa aliyeshika sikio. Mistari inachorwa, kwapa la mtu limezidi kidogo, goli hakuna. Kuotea kuliwekwa ili mtu asijibanze golini kusubiri mpira, siyo kumwadhibu mwenye mabega mapana. Kibendera naye kaambiwa asubiri, watu wanakimbia mita hamsini, wanagongana, ndipo ananyoosha mkono kwa jambo aliloliona tangu mwanzo.

Halafu mnashangaa wachezaji hawana ubunifu wakati wanachezeshwa kila baada ya siku tatu? Ligi ya Mabingwa imepanuliwa 2024 kuwa timu 36. Kombe la Dunia 2026 ni timu 48, mechi 104, kutoka 64. Septemba 2024 Rodri, kiungo wa Manchester City, aliulizwa kuhusu ratiba, akasema wachezaji wako karibu kugoma. Siku chache tu baadaye goti likamwangusha kwenye mechi na Arsenal, msimu ukamharibikia. Mwenye miguu iliyochoka hapigi chenga, anatoa pasi fupi na kujificha.

Najua mtakuja na Van Basten, straika wa Uholanzi, kunikumbusha rafu za zamani. Hapo nakubaliana nanyi mia kwa mia. Enka yake ilimalizwa na mabeki waliokuwa wanakata miguu kutoka nyuma huku refa anaangalia, mtu kacheza mechi yake ya mwisho ana miaka 28. Rafu zile sizililii hata kidogo. Ila fikirini vizuri: mafundi wale walipiga chenga wakati kupiga chenga kulikuwa hatari kwa mifupa. Leo beki akikugusa tu ni kadi, umelindwa kuliko wakati wowote, na bado unarudisha kwa kipa! Mnalindwa ili mfanye nini?

Mtakuja pia na Lamine Yamal, winga wa Hispania. Namkubali. Lile shuti dhidi ya Ufaransa nusu fainali ya Euro 2024, akiwa na miaka 16, lilinirudishia uhai. Lakini tazameni jinsi tunavyomshangilia kijana akithubutu kumkabili beki, kana kwamba kafufua kitu. Zamani kila timu ilikuwa na wa kwake, hata zinazoshuka daraja. Bolton walikuwa na Okocha, jamani. Bolton!

Sasa uzi uko wazi, povu ruksa. Mnaosema mpira wa sasa ni bora, wekeni hapa jina la namba 10 mmoja wa kweli, anayetembea, anayeusimamisha mpira, ambaye timu nzima inamsubiri yeye aamue. Na msiniletee beki wa pembeni anayeingia katikati, nitawajibu vibaya.