Tupeane uzoefu: kuishi na ukame wa Dodoma

Mleta mada
Mbukwenyi wakuu. Wageni wanazidi kumiminika tangu Serikali ianze kuhamia huku kwa vitendo mwaka 2016, na wengi wanaishi Dodoma kama wako Pwani. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 500 na kitu kwa mwaka. Inayobaki ni miezi saba ya kula na kunywa kilichowekwa akiba. Wenye ujuzi mwageni hapa, ila semeni na sababu. "Wazee walifanya hivyo" haimsaidii mtu.

Mhudumu wa zahanati
Nianze na mwili. Mgeni anahitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto la Oktoba na Novemba. Katika siku hizo mwili hujifunza kutoa jasho mapema, jasho lenyewe hupungua chumvi, na maji ya damu huongezeka. Shida ya hapa ni hewa kavu: jasho hukauka likitoka tu, shati halilowi, mtu anadhani hapotezi maji. Usingoje kiu, tazama mkojo. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umechelewa kunywa. Na msisahau sweta: Juni hadi Agosti usiku ni baridi na upepo.

Fundi Tembe
Watu wanaliona tembe kama umaskini, na hilo linaniuma, maana ni nyumba iliyofikiriwa vizuri mno. Nguzo zenye panda husimamishwa, juu yake boriti, kisha fito zilizobanana, kisha majani, mwisho udongo ulioshindiliwa. Udongo ule mzito hupokea jua mchana kutwa, na joto hulifikia tabaka la ndani jioni, wakati nje kumeanza kupoa. Usiku wa Julai joto hilohilo ndilo blanketi. Paa ni fupi na bapa kwa sababu upepo wa huku hauna miti ya kuuzuia, na milimita 500 hazihitaji paa la mgongo.

Linaharibika wapi? Kwanza mchwa, wanaoanzia chini ya nguzo. Kila mwaka chokonoa mguu wa nguzo kwa kisu, kikizama badilisha kabla ya masika. Pili, majani yanayoota juu ya paa: mizizi hufungua njia ya maji. Ng'oa Novemba, ongeza udongo, shindilia. Tatu, paa lisilo na mwinamo kabisa. Maji yakituama, udongo unakuwa mzito na boriti zinakatika.

Mjenzi wa Nkuhungu
Fundi, nakubaliana nawe, lakini mjini watu watajenga bati, kwa hiyo tuwape la bati. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, madirisha yawe huko. Jua la asubuhi na la jioni ndilo linalopiga ukuta. La saa sita liko utosini. Weka dari, na uache matundu chini ya paa pande mbili ili hewa ya moto itoke. Dari bila matundu ni tanuri lililofunikwa.

Mama wa Korongo
Maji. Korongo likikauka juu, chini ya mchanga maji bado yapo, jua haliyafikii. Chimba palipo na mchanga mnene, hasa upande wa juu wa mwamba unaokatiza korongo, kwa sababu mwamba huo unazuia maji kama ukuta. Mara nyingi mita moja au mbili zinatosha. Maji ya kwanza yamwage, subiri yajichuje, teka kwa kata taratibu. Zungushia miiba, mifugo wapate shimo lao upande wa chini, siyo wa juu. Ya kunywa yachemshwe. Kinachoua visima hivi ni malori ya mchanga wa ujenzi. Mchanga ndio tangi lenyewe. Ukiuuza, umeuza maji ya kijiji.

Bwana Shamba
Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele, basi tena. Mtama hukunja majani, husimama, mvua ikirudi unaendelea. Ndiyo maana kipindi cha ukavu cha Februari hakiumalizi. Macia, aina ya mbegu ya mtama, hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne: sentimita 75 kati ya mistari, 30 kati ya mashimo, punguza ibaki miche miwili. Kosa kubwa ni kuberega, kufyeka na kupanda bila kutifua. Ardhi ngumu inasukuma mvua yote korongoni. Lima matuta, kisha ziba mifereji kwa vizuizi vya udongo kila baada ya hatua mbili, maji yalale shambani. Ndege waitwao kwelea kwelea wanahitaji mlinzi tangu punje zikiwa na maziwa.

Mpishi wa Bahi
Mlenda uchumwe masika, uanikwe kivulini ili jua lisiue vitamini, utwangwe, uwekwe kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Ukifunga kabla haujakauka sawasawa utaota ukungu.

Mhudumu wa zahanati
Niongeze la maziwa. Utafiti wa 2007 ulioongozwa na Sarah Tishkoff ulionyesha kuwa wafugaji wengi wa Tanzania na Kenya wana badiliko la urithi linalowawezesha kumeng'enya maziwa hata ukubwani, na lilizuka peke yake, tofauti na lile la Ulaya. Asiye nalo, tumbo likimnguruma kwa maziwa mabichi, anywe mgando: vijidudu vya mgando vimeshakula sehemu ya sukari inayomsumbua. Aanze na nusu kikombe.