Kishikwambi darasa la kwanza: kitumike au kisubiri?

Wadau wa elimu, salaam.

Naleta hoja hii kwa sababu ofisini kwetu imetugawa. Baada ya sensa ya Agosti 2022 serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa hiyo. Wapo wenzetu wanaosema sisi wa la kwanza na la pili tuvitumie kuandikia azimio la kazi na maandalio ya masomo tu: mtoto wa miaka sita ashike penseli kwanza, TEHAMA ataikuta mbele. Mimi nasema kitumike hukuhuku chini, ila ndani ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu.

Nina watoto 92 na kishikwambi kimoja. Hawawezi wote kukiona, kwa hiyo nimekifanya cha kusikiliza. Nawaita mezani watano watano, kila mmoja anasoma mstari wake, narekodi, kisha wanajisikia. Wengine wakati huo wako kwenye vikundi na kadi za silabi, wanaongozwa na wale wanaosoma vizuri. Kuna mtoto alikuwa akisoma "kalamu" anatamka "karamu". Nimemsahihisha wiki nyingi. Siku aliposikia sauti yake mwenyewe alinyamaza, akarudisha kidole kwenye neno, akatamka "la" taratibu, halafu "kalamu" yote. Hakuna aliyemwambia kitu.

Naomba michango yenu.

Mzazi, Mbagala:
Mwalimu, heshima yako, lakini sikubaliani nawe. Binti yangu yuko la pili, shule ya kulipia, na somo la kompyuta lipo kwenye ada. Juzi nimefungua daftari lake: monita, kibodi, kipanya, vimechorwa na kupakwa rangi vizuri kabisa. Nikamuuliza, kompyuta yenyewe umeigusa lini? Akajibu, "Bado, baba." Na hapo muhula unaisha. Nyumbani nako kila jioni tunanyang'anyana simu. Na wewe una watoto 92 chumba kimoja! Mimi ningeomba madarasa na madawati kwanza.

Mwanzisha mada:
Baba, kuhusu daftari la binti yako tuko pamoja. Kumkaririsha mtoto majina ya vifaa asivyovigusa ni kumpotezea muda, na ndiyo maana sitaki iwe somo la peke yake kwa umri ule. Ulizia pale shuleni anafanya nini kwa mikono yake, ni haki yako. Simu ya nyumbani nayo ni jambo jingine: kwangu kila mtoto anakaa na kifaa dakika mbili tatu, nami nipo pembeni.

Madarasa tunayahitaji, sipingi. Ila kishikwambi kimeshatolewa, na kukifungia kabatini hakuongezi dawati hata moja.

Tukumbuke pia ya Tanga. Kuanzia mwishoni mwa 2017, kwenye Global Learning XPRIZE, shindano la kutengeneza programu ambazo mtoto anajifunza mwenyewe, watoto karibu 3,000 wa vijiji takriban 170, wengi wao hawajawahi kwenda shule, walipewa vishikwambi vyenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Vilichajiwa kwa umeme wa jua. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019 zawadi waligawana timu mbili, onebillion na Kitkit School.

Wapo wanaoyatumia matokeo hayo kudai mwalimu hahitajiki. Mimi nawawaza waliobaki bila kusoma neno. Mtoto akikwama kwenye "mba" na "mbwa", programu itarudia vilevile. Mwalimu atamtazama mdomo aone ulimi unakosea wapi. Ndiyo sababu navitaka vyote viwili mezani, kishikwambi na mwalimu.

Walimu wa la kwanza na la pili, wekeni hapa mnavyokitumia kwenye kuhesabu. Kwenye kusoma nimepata njia. Kwenye kujumlisha bado natumia vijiti na vizibo vya soda, na sijaona kishikwambi kingenisaidia wapi.