Mzee analia kila jioni: wenye uzoefu wa nyumba za wazee naombeni ushauri

Kutoka: dada wa Coventry

Habari zenu wanajumuiya. Nimeanza kazi ya kea kwenye nyumba ya wazee hapa Coventry, Uingereza. Kazi ya mikono naiweza: kuogesha, kulisha, kumgeuza mtu kitandani. Kinachonishinda ni huzuni. Kuna bibi mmoja, ikikaribia saa kumi na moja jioni anachukua pochi yake, anaenda kukaa karibu na mlango, anasema anarudi nyumbani kwa sababu watoto watatoka shule wamkose. Tukimrudisha ndani analia. Wenzangu wananiambia "ndivyo walivyo, utazoea". Sisi hatukulelewa hivyo, mtu mzima alie mbele yako nawe uendelee kukunja mashuka. Mliotangulia mnafanyaje?

Kutoka: kaka wa Leeds

Mdogo wangu, pole na kazi. Hilo la "ndivyo walivyo" likatae kabisa. Sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, ni maradhi, si sehemu ya uzee, na inatibika hata kwa mtu wa miaka 90. Shida ni kwamba kwenye nyumba za wazee haijitangazi. Mzee hakwambii ana huzuni. Anaacha chakula, anakataa kuoga, anakuwa mkali, au ananyamaza tu, na sisi tunashukuru kwamba leo hasumbui. Huyo aliyenyamaza ndiye anayenitia hofu zaidi. Bibi yako angalau anasema.

Ila kabla hujasema ni moyo, angalia mwili. Mtu akibadilika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, mara nyingi ni maambukizi ya mkojo, choo kigumu, au maumivu asiyoweza kuyaeleza. Halafu angalia vifaa. Miwani aliyovaa ni yake au ya jirani? Kifaa cha masikio kina betri? Nilimkuta babu mmoja ameandikwa kwenye faili kuwa hataki ushirikiano. Kumbe hasikii. Tulipobadilisha betri, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza matokeo ya kriketi.

Na wewe ukiandika kwenye faili, usiandike "alikuwa msumbufu". Andika saa, alichosema, kilichotangulia, na kilichomtuliza. Kisha mwambie nesi au meneja kwamba GP wake, yaani daktari wake wa kawaida wa mtaani, amwone. Nchi hii, lisiloandikwa halihesabiwi.

Sasa huyo bibi. Ukimwambia watoto wake wameshakuwa wazee, au mumewe alishafariki, unampa msiba mpya kila jioni. Wala huna haja ya kumdanganya kwamba basi linakuja. Kaa naye hapo mlangoni. Muulize watoto ni wangapi, nani mtundu, huwa anawapikia nini wakirudi. Mara nyingi anachokitafuta si jengo, ni ile hali ya kuwa mtu anayehitajika. Akishatulia mpe kazi ya kweli, kupanga vijiko mezani au kukunja taulo. Taa ziwashwe mapema pia. Wenye dimensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, wengi hutaharuki giza likiingia, na Desemba huku saa kumi jioni giza limeshaanza kuingia.

Hili la kazi na uamuzi lina utafiti wake. Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha walichokiona kwenye nyumba ya wazee huko Connecticut, Marekani. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa maisha ya humo ni yao kuyapanga. Wakachagua mmea wa kutunza wenyewe, wakachagua na siku ya kuangalia sinema. Wa ghorofa nyingine walipewa mmea pia, lakini manesi ndio walioumwagilia, na siku ya sinema wakapangiwa. Wale wa kwanza walichangamka na kujishughulisha kuliko wenzao. Mmea kwa mmea, sinema kwa sinema, tofauti ni nani aliyeamua. Kwa hiyo asubuhi ukimvalisha mtu, toa sweta mbili, achague. Hata ukiwa na haraka, muda huo unao.

Lingine linatuhusu sisi hasa. Tom Kitwood, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Bradford, jirani zetu hapa, alieleza mambo madogo yanayomvua utu mgonjwa wa dimensia, tena yanafanywa na watu wasio na nia mbaya: kumharakisha, kumsemesha kama mtoto, kumpuuza, kuongea juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Tukiwa zamu Waswahili wawili tunamwogesha mtu huku tunapiga soga. Yeye yuko uchi katikati yetu, anasikia kicheko, haelewi kinachosemwa. Atadhani anachekwa yeye. Soga zetu zisubiri chumba cha mapumziko.

Kutoka: mama wa Reading

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Niongeze upande wa familia, maana baba yangu yuko kwenye nyumba ya wazee. Kiingereza alikitumia kazini miaka yote, lakini dimensia ilipozidi kikamtoka, kikabaki Kiswahili. Huwatokea wengi, lugha ya utotoni hudumu kuliko iliyofuata. Wahudumu waliandika kuwa anapayuka. Alikuwa anaomba maji.

Tukabandika karatasi ukutani yenye picha na maneno: maji, choo, baridi, naumwa. Tukajaza pia kile kijitabu cha Alzheimer's Society cha kuelezea mgonjwa ni nani, kinapatikana bure. Tuliandika aitwe Mzee, si jina lake tupu, maana kuitwa jina tupu na binti wa miaka 20 kulikuwa kunamuumiza kila siku. Tulipowaeleza walielewa mara moja.

Kwa wenye wazazi huko: tangu tarehe 6 Aprili 2024, sheria ya England inazitaka nyumba hizi ziruhusu wageni, isipokuwa pawe na sababu ya kipekee kabisa. Inawahusu hata wakazi wanaotaka kutoka kwenda kutembelea ndugu. CQC, tume inayokagua huduma za afya na za wazee England, ndio wasimamizi. Tukikumbuka milango ilivyofungwa mwaka 2020, hili si dogo. Ukizuiwa, omba sababu kwa maandishi.

Ila wengi wetu hatuzuiwi na nyumba, tunazuiwa na aibu. Tunaogopa watu watasema tumemtupa mzazi, basi tunamficha, jumuiya haijui yuko wapi, hapati hata wa kumpa salamu. Mimi nimeamua kusema wazi. Kina mama wa hapa sasa wanakuja kwa zamu Jumapili, wanaleta uji na kaswida kwenye simu, na baba siku hiyo anakula vizuri. Mwenye mzee wake Reading au karibu aniandikie faragha, tumuweke kwenye ratiba.