Nala ni "zawadi" kwa Kiswahili? Tuandike nini kwenye makala ya The Lion King

Mtoa mada:
Wadau, naipanua makala ya The Lion King, ile katuni ya 1994 na siyo ya 2019, kwa ajili ya Wikipedia ya Kiswahili. Waongozaji Roger Allers na Rob Minkoff, muziki wa Hans Zimmer, Oscar 2: hayo hayana ugomvi. Nimekwama kwenye majina. Tovuti za Kiingereza za majina ya watoto zinadai Nala, yule simba jike mwenzake Simba, ni "zawadi" kwa Kiswahili. Mimi mtu wa Tanga. Tunu naijua, hidaya naijua, adia, hiba... nala sijawahi kupewa. Naona tuandike waziwazi kwamba si Kiswahili.

Mchangiaji 1:
Mkuu, hapo unateleza. Kamusi elezo haiandiki tulichonacho kichwani, inaandika kilichochapishwa mahali pa kuaminika. Kuzaliwa Tanga si chanzo. Wenzako wanacho, hata kama kibovu.

Mchangiaji 2:
Kibovu hakihesabiki! Tovuti moja inanakili kwa nyingine, basi. Simba na Rafiki fungua kamusi yoyote utawakuta. Shenzi ni ndugu yake mshenzi. Pumbaa ni kitenzi kabisa, mtu kapumbaa. Fisi wa tatu anaitwa Ed, mbona huyo hatafutiwi maana?

Mchangiaji 3:
Niko Mombasa. Sarabi, mamake Simba, vijana wengi watakwambia si Kiswahili. Kumbe ni mazigazi, yale maji ya uongo uyaonayo barabarani jua likiwaka. Ndiyo maana namwogopa mtu anayekana neno kwa kuwa yeye hajalisikia. Nala kwa Kiarabu ni "alipata". Anayetaka kulazimisha ataanzia hapo, ingawa kupata na zawadi ni mbali.

Mchangiaji 1:
Ndicho ninachosema. Tanga hamna, Lamu je?

Mtoa mada:
La Sarabi nimekubali, tena aibu, nilitaka kulifuta. Kwa Nala basi tunyamaze. Makala hailazimiki kukanusha kila uzushi.

Mchangiaji 4:
Ukinyamaza, kesho kuna mtu atalirudisha na tovuti yake ileile. Afadhali sentensi moja inayosema dai lipo na limetoka wapi. Halafu maneno yanayofungua wimbo wa mwanzo, watu wanaapa ni Kiswahili. Ni Kizulu, sauti ni ya Lebo M wa Afrika Kusini. Na pale Rafiki anaposema "wewe nugu, mimi hapana", hiyo "mimi hapana" ni Kiswahili cha mashamba ya masetla, walowezi wa Kizungu. Huku Kenya kuitwa nugu, yaani nyani, bado ni tusi. Mtaje pia Them Mushrooms, bendi ya Kenya, waliimba hakuna matata 1982, miaka 12 kabla ya Timon na Pumbaa.

Mchangiaji 2:
Sisi Bara tunasema hamna shida, matata tunawaachia watalii. Hiyo ifungulie uzi wake, tutakesha.

Mtoa mada:
Lebo M anaingia, vyanzo vyake vimejaa. Them Mushrooms vilevile. Masetla niletee kitabu na ukurasa, hata mimi naamini lakini nimeshakatazwa kuandika ninachoamini. Kwa Nala nafuata sentensi ya mchangiaji 4. Sasa mwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu aniangalizie herufi N, yangu imechanika kuanzia "mwiko".