Newala: ukingo unauzwa viwanja, njia ya kwenda chemchemi imefungwa, korongo limefika jikoni kwa bibi

Wakuu, salaam.

Nimelibeba hili tangu masika nikidhani litatulia. Halijatulia. Jana nimetoka tena kwa bibi yangu, nimerudi sijala, ndiyo maana nimefungua uzi huu usiku huu.

Kwa msiopajua, Newala imekaa juu kabisa, pembeni mwa Uwanda wa Makonde. Mji unaishia ghafla, ardhi inaporomoka, na chini huko ni bonde la Ruvuma. Ukienda Shimo la Mungu asubuhi ya mwezi wa sita unakuta ukungu umelala bondeni na baridi inakupiga mpaka unatafuta kitenge cha pili. Jua likipanda unaona mto, unaona Msumbiji ng'ambo. Nimezaliwa hapo, nina miaka arobaini na moja, na bado nikipita nasimama.

Sasa hapo ndipo panapouzwa.

Madalali wamejaa. Tangu lami ianze kusogea huku, kila kipande cha ukingo kina mtu anakitembeza. Na mnielewe vizuri, barabara siipingi hata kidogo. Hiyo Mtwara mpaka Masasi, kilomita 210, tumeililia tangu sijaanza shule. Zile 50 za kwanza mpaka Mnivata zilipokamilika tulishangilia, na hizi 160 za kupitia Tandahimba na Newala mpaka Masasi tumezisubiri kwa roho zote. Mdogo wangu alijifungulia ndani ya Noah iliyonasa mchangani, usiku, dereva anatafuta matawi ya kuweka chini ya tairi. Mtu asije hapa kuniambia napinga maendeleo.

Ninachopinga ni hiki. Upande wetu kulikuwa na njia ya miguu inayoshuka mteremko mpaka kwenye chemchemi na mashamba ya bondeni. Haina jina, haina kibao. Ni njia tu, imechimbika katikati kwa nyayo, na palipo na jiwe kubwa watu hushikilia mzizi uliolainika kwa mikono mpaka unang'aa. Mwaka jana kiwanja cha juu kimeuzwa kwa mtu wa mbali anayetaka kujenga loji. Hatuna ugomvi naye, kauziwa kama wengine. Siku moja bibi kaenda na ndoo yake kakuta nguzo za zege na seng'enge, nyuzi tano, kutoka kona hadi kona. Njia iko ndani.

Bibi yangu ana zaidi ya miaka themanini. Aliniambia, "Mjukuu wangu, hiyo njia mama yangu kanipitisha akiwa amenibeba mgongoni." Kisha akanyamaza. Hajalizungumzia tena.

Nilienda ofisi inayohusika. Sitaitaja, wao wenyewe wanajijua. Kijana mmoja kaniuliza, "Dada, una nyaraka gani ya hiyo njia?" Nikamuuliza yeye, ramani ya upimaji ilichorwaje bila mtu kushuka kuona watoto na madumu wanapita wapi? Akasema nije Jumatatu. Nimeenda Jumatatu tatu.

Sasa niwaeleze kwa nini njia ya maji kwetu ni jambo la kufa na kupona. Huku juu hakuna mto. Udongo ni wa kichanga, mvua ikinyesha inazama yote, inakwenda kutokeza chini kwenye miguu ya mteremko. Wazee wetu walikaa juu, maji yakakaa chini, na wanawake wakawa ndio daraja. Mtafiti Mjerumani Karl Weule alikaa Newala mwaka 1906 na hilo halikumpita. Miaka ya 1950 ndipo ikajengwa mitambo ya kusukuma maji kupanda juu kutoka Mitema, na kusukuma maji mlima wote ule si kazi ndogo, mashine zikichoka mji mzima unachoka. Mwaka 2022 mikataba ya miradi ya maji ya miji 28 iliposainiwa, mradi wa Makonde ukiwemo, mimi nilikuwa wa kwanza kumpigia bibi simu. Lakini mpaka leo mtaani kwake kiangazi kikikaza dumu la lita 20 tunanunua shilingi 700, na bodaboda akijua una mgeni au msiba anakupandishia. Asiye na 700 anashuka bondeni. Anashuka kwa njia gani sasa? Ya kuzunguka, karibu saa nzima zaidi, na kupanda ni na ndoo kichwani.

Halafu korongo. Hili ndilo limenitoa machozi.

Kufungua vile viwanja vichaka vyote vya ukingoni vimefyekwa. Vile vichaka watu wanaviona takataka, kumbe ndivyo vilivyoshika mchanga. Humo humo ndimo tulimochimba ming'oko, vile viazi vya porini, tunachemsha, tunauza stendi, nimenunuliwa sare za shule kwa ming'oko. Wamefyeka, wamepitisha greda, wakachonga kibarabara cha kifusi kinachoshuka moja kwa moja bila mtaro. Mvua ya kwanza maji yakafuata kibarabara, yakapata kona, yakaingia uwanjani kwa bibi.

Kabla ya hapo kulikuwa na kijifereji ambacho kuku anakiruka. Mwezi wa tatu, usiku mmoja tu, kikapanuka kikachukua ukuta wa nyuma wa jiko. Asubuhi nimesimama pale: mafiga mawili yapo mahali pake na jivu lake, la tatu liko chini kwenye shimo, na mkorosho aliopanda marehemu mjomba umebaki nusu ardhini nusu hewani, mizizi inaning'inia kama nywele. Nikashika ukingo kwa kidole tu, mchanga ukamwagika wenyewe, mkavu, laini, kama sukari. Hakuna cha kuzuia hapo. Mvua zijazo ni chumba anacholala.

Na si kwamba hakuna sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitambua ardhi hatarishi, na miteremko mikali imetajwa humo kwa maandishi. Tukienda kando ya bahari kila mtu anakariri usijenge ndani ya mita 60, mita 60. Huku mlimani nani amepima mita ngapi kutoka ukingoni? Nani alisaini kwamba pale panafaa loji? Kama yupo, ajitokeze aje asimame pale kwenye mafiga ya bibi anieleze.

Mnaouza, wajomba zangu, na nyie nawaambia. Ardhi hii tumeachiwa upande wa mama, mjomba hakuwa mmiliki, alikuwa mtunzaji wa watoto wa dada zake. Leo mjomba anauza ukingo kwa hela ya pikipiki, msimu wa korosho haujafika hela imeisha, anarudi kwa dada yake yule yule kuomba unga.

Tunachotaka hakihitaji bajeti ya taifa. Seng'enge ikatwe upana wa watu wawili wenye ndoo wapishane. Kibarabara kile kichimbwe mtaro unaopeleka maji mbali na nyumba kabla ya Desemba. Viwanja vya ukingoni visimame kuuzwa mpaka mtaalamu ashuke kwa miguu, si kwa picha ya simu.

Jumamosi saa tatu asubuhi tunakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, wanawake wote wa upande wetu, na madumu yetu matupu. Walioko Tandahimba na Kitangari wenye makorongo ya namna hii wekeni picha hapa chini, nitazichapisha zote nizipeleke. Bibi kasema na yeye anakuja. Nimemtafutia bajaji.