Dadangu ana kilo 50, promota ameleta pesa: abaki ridhaa au aende?

MtuWaLikoni
Salaam wana jamvi. Dadangu ana miaka 20, anacheza ndondi za ridhaa, kilo 50. Alianza kwa kujificha: mama akidhani anakwenda tuisheni, kumbe glavu ziko chini ya madaftari. Siku hizi mama mwenyewe ndiye anayemfulia bandeji. Mwezi jana kocha alimwambia akijikaza ataitwa kwenye mchujo wa timu ya taifa. Wiki iyo hiyo promota akaja nyumbani, akanywa chai yetu, akasema ana shilingi 15,000 za pigano moja la kulipwa, raundi nne. Kwetu hiyo ni kodi ya miezi mitatu. Dada anaota Olimpiki ya Los Angeles 2028. Baba anasema medali hailiwi. Aliyepita njia hii anieleze: bondia wa ridhaa hufika wapi hasa?

Nahodha_77
Achukue. Huyo promota akishapanda feri harudi tena.

Mzee_Majengo
Mwanangu, mimi nilicheza kilo 54 miaka ya themanini, mazoezi Tononoka. Jezi ya nchi nimeivaa mara moja tu, Dar es Salaam. Nikueleze habari ya mizani, maana watu wote huuliza ngumi, mizani hawaiulizi.

Kwenye kulipwa unapimwa siku ya kuamkia pigano, basi, unakwenda zako kula. Ridhaa ya kimataifa ni mashindano ya siku kadhaa, na kila asubuhi ya siku unayopigana unarudi juu ya mizani. Ukishinda leo, furaha yako ni maji nusu kikombe. Mimi pigano la kwanza nilishinda, usiku nikajidanganya na mahamri mawili na mbaazi. Asubuhi nimezidi gramu 200. Nikavua pete, nikavua hirizi ya nyanya (Mungu amrehemu), bado. Nikapewa saa moja. Nikavaa sweta, juu yake mfuko wa nailoni, nikaruka kamba ndani ya choo huku nimefungulia maji moto, natemea mate kwenye mkebe. Uzito ukakaa. Jioni ulingoni mikono ilikuwepo, miguu haikuja. Raundi ya pili Mzambia mmoja alinikalisha kama mtoto anayenyolewa.

Umeuliza wanafika wapi. Stephen Muchoki alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa, Belgrade 1978, na dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola, 1974 na 1978. Lakini 1976 Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, 1980 ikasusia Moscow. Mtu yuko kwenye moto wake, mlango unafungwa na watu wasiomjua hata jina. Robert Wangila yeye aliukuta wazi: Seoul 1988, fainali ya kilo 67, akamwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili. Sisi Majengo tulipiga masufuria hadi alfajiri. Kisha akaenda kulipwa, na 1994 akafa baada ya pigano Las Vegas. Simtaji kumtisha msichana. Namtaja kwa sababu yule mgeni wenu hakumtaja.

BintiKisauni
Shikamoo Mzee. Niongeze moja, maana naona kaka anafikiri akilipwa mara moja Olimpiki basi. Si hivyo. Tangu Rio 2016 wa kulipwa wanaruhusiwa. Hassan N'Dam wa Kameruni, aliyekuwa bingwa wa dunia wa kulipwa, alikwenda Rio na akatolewa pigano la kwanza kabisa. Ridhaa ni raundi tatu tu, huna muda wa kumsoma mtu. Ukichelewa kuanza, majaji wameshaandika. Na wanawake wa kulipwa kwa kawaida hupigana raundi za dakika mbili, ridhaa ni dakika tatu. Pumzi ni nyingine.

Mwanamke wa kumtazama ni Christine Ongare: shaba ya Jumuiya ya Madola, Gold Coast 2018, halafu Olimpiki ya Tokyo, ambako alitolewa mapema na Irish Magno wa Ufilipino. Amefika. Kodi amelipaje, muulizeni yeye.

Huyo promota muulizeni: mpinzani ameshapigana mara ngapi, na daktari atakuwepo ulingoni? Akijibu kwa kucheka, mpeni kikombe cha pili cha chai na njia.

Nahodha_77
Bado nasema 15,000 ni 15,000.

MtuWaLikoni
Ahsanteni. Nimempigia promota simu. La daktari alisema "hayo tutayaona". Mpinzani, kumbe, ameshapigana mara kumi na moja. Dada yangu hata mara moja!

Nimemsomea dada maneno ya Mzee wakati wa chai. Nilipofika kwenye mahamri akasukuma sahani yake upande wangu, hakusema kitu. Baba naye alikuwa akisikiliza, akijifanya anatafuta stesheni redioni. Sasa anataka kuonana nawe, Mzee, ana kwa ana.

Mzee_Majengo
Marahaba, Binti. We wa Likoni, nipo barazani kila siku baada ya alasiri. Mje naye, na msichana aje na viatu vyake vya mazoezi. Mizani ninayo.